Kabla ya kumpa mtu idara, ulizeni walio chini yake

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya nafasi za mameneja na wakuu wa idara ninayoyasoma gazetini hutaka shahada, uzoefu na ujuzi wa kompyuta. Sijaona hata moja linalouliza huyo mtu akikasirika huwafanyia nini walio chini yake. Mimi ni katibu muhtasi mstaafu hapa Tabora. Meza yangu ilikuwa mlangoni kwa bosi, kwa hiyo niliona watu wanavyoingia na wanavyotoka.

Bosi mmoja, ofisi siitaji, alikuwa msomi kweli, na kwa bajeti hakuna aliyemfikia. Lakini akiudhika alirusha faili, akamfokea mtu mzima mbele ya wahudumu na wageni. Ikawa kila anayekuja anaanzia kwangu: "Mama, leo kaamkaje?" Nikitikisa kichwa, anageuza na faili lake hadi masijala. Mhasibu mmoja alikosea malipo ya masurufu, akagundua mwenyewe siku ileile. Dokezo la mistari mitatu lingetosha kurekebisha. Aliogopa, akafunika kombe, na mwenzake aliyejua naye akanyamaza. Wakaguzi ndio walioliibua miezi kadhaa baadaye, likiwa limeshazaa mengine. Bosi akauliza kwa nini hakuambiwa. Nani angethubutu?

Aliyemfuata naye alikuwa na hasira, tena za karibu. Tofauti ni kwamba alizijua. Akiudhiwa aliniita nimchapie barua ya kumtaka mtu ajieleze, maneno makali kabisa, kisha akasema: "Mama, usiipeleke. Ilale hapo mpaka kesho." Asubuhi aliipitia kwa kalamu nyekundu. Nyingine alifuta nusu yake. Nyingine aliichana, akamwita mhusika, akafunga mlango wakazungumza. Dereva mmoja aliyekuwa akichelewa kila siku alitoka humo amepangiwa zamu nyingine, kwa sababu asubuhi alikuwa anamhudumia mkewe aliyelazwa hospitali ya Kitete. Hatukumsikia tena akichelewa.

Asidhani mtu kwamba bosi huyo alikuwa laini. Mzembe alimfikisha kamati ya nidhamu, ila baada ya kumsikiliza. Na watu walimletea makosa yao wenyewe, mapema, yakiwa bado madogo.

Uwezo huo wa kuijua hasira yako na kuituliza, wataalamu wanauita akili hisia. Wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliieleza mwaka 1990 kuwa ni uwezo wa kuzitambua hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo yako. Sidhani kama yule bosi aliwahi kuyasoma hayo, lakini barua iliyolala mezani kwangu ndiyo hiyo hasa.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ya kuteua, serikalini na kwenye kampuni binafsi: kabla ya kumpandisha mtu, waulizeni kwa siri dereva wake, mhudumu wake na katibu wake. Wao wanamjua bila tai. Na kwa kuwa Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi hapahapa Tabora, wakuu wapya wapelekwe wakafanye mazoezi ya kumsikiliza mtumishi aliyekosea, wakiangaliwa na wenzao, kabla hawajakabidhiwa ofisi.

Katibu muhtasi mstaafu,
Cheyo, Tabora