Kulwa anakuja huko Arusha

Kirumba, Mwanza
Jumapili usiku

Mabula ndugu yangu,

Mwangaluka! Utasema nimekukumbuka kwa sababu nina shida, na ni kweli. Huku wazima, mvua zinatunyeshea, mguu wa Mama Doto umepona, mdomo bado.

Shida yenyewe ni Kulwa, mtoto wa dada, yule tuliyemchangia ada ukasema atakuja kutufuta machozi. Amerudi likizo na ulimi mwingine. Jana tulikuwa mwaloni tunangoja dagaa, akawatazama makuli wakishusha mzigo, akasema, "Mjomba, hawa hawajijui. Bila wasomi kuwaamsha watalala hivi hivi." Kuli mmoja akamjibu, "Dogo, mimi niko macho tangu saa nane usiku." Tulicheka wote. Kulwa hakucheka, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Sina ugomvi na huyo Marx anayemsoma. Wewe ulitembea na kitabu cha Walter Rodney kwapani hata siku ambazo hukukifungua. Ila huyu kila sentensi yake ina "wao": mara wenye maduka, mara waliohamia juzi kutoka mikoa mingine. "Waondolewe," anasema, kama mtu anayezungumzia magugu.

Nikamuuliza kama anajua kwa nini mama yake hali sangara. Hajui! Kumbe hawa watoto hatukuwaambia kitu. Mwaka 1994, Mabula, tukiwa shule ya msingi, maiti za mauaji ya kimbari ya Rwanda zinaletwa ziwani na mto Kagera, mama zetu wanapita mezani kwa samaki kama hawawaoni.

Basi nikamweleza. Novemba 22, 1992, huko Kabaya, Rwanda, Léon Mugesera, mtu wa isimu aliyepata udaktari wake Kanada, aliuambia mkutano wa chama kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera humwaga hapa kwetu. Mwaka mmoja na nusu hivi baadaye mto ukaleta. Yeye alikuwa ameshafika Kanada.

Na Ferdinand Nahimana, Mnyarwanda mwingine, je? Mwalimu wa historia kama mimi, tofauti yetu ni mshahara. Ametoka kufundisha chuo kikuu, akawa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji yale. Huko huko kwenu, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003, rufani ya 2007 ikampunguzia hadi miaka 30. Watu kama hawa hawahitaji kushika panga. Kazi yao ni kumfanya mwenye panga ajione mwerevu.

Kulwa akasema hao walikuwa wasomi feki, mbona Nyerere naye alisoma Edinburgh? Hapo alinibana. Babu yangu alihamishiwa kijijini wakati wa operesheni vijiji ya Nyerere, akailalamikia miembe aliyoiacha mpaka anaingia kaburini. Lakini hakuna aliyempa jirani wa kumchukia. Ndiyo tofauti niliyoweza kuipata palepale, na nilipoisema kijana alikuwa ameshahamia kwenye simu.

Usiku ndipo nikamkumbuka Khieu Samphan wa Kambodia, daktari wa uchumi kutoka Paris, 1959. Mwaka 1975 wenzake wa Khmer Rouge waliotwaa nchi waliuhamisha mji mzima wa Phnom Penh, na kuvaa miwani tu kukawa sababu ya kutiliwa shaka. Mimi na hii yangu iliyofungwa uzi ningemaliza wiki?

Sasa ombi. Mwezi ujao anakuja huko kwa mafunzo ya vitendo. Mpeleke Lakilaki, zilikohifadhiwa nyaraka za mahakama ile ya Rwanda. Usimhutubie, nimeshamhutubia vya kutosha. Wewe uliwaendesha wale mawakili. Msimulie tu walichokuwa wakiongea garini, na siku walizokuwa hawaongei.

Wanaruhusu mwanafunzi kuingia, au mpaka barua? Jumamosi una nafasi? Au nimezidisha, ni ujana tu? Sisi kwa umri wake tulisema nini usiku ule Nyegezi, kuhusu yule mwalimu wa hesabu na "watu wake"? Nani alitunyamazisha, ni wewe au ni umeme uliokatika? Nimejaribu kukumbuka, nimeshindwa.

Atakuletea dagaa debe moja na sato wakavu. Sangara usitegemee, mzigo anafunga mama yake.

Wako,
Masanja