Na wale waliokwenda pamoja na Sajini Leakey?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niwasemee askari wa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, ambao hawana wa kuwasemea.

Mei 19, 1941, katika Vita Kuu ya Pili, huko Colito, kusini mwa Ethiopia, vikosi vyetu vilikuwa vimevuka mto na kushika ng'ambo mbele ya Waitaliano. Ghafla wakavamiwa na vifaru. Sajini Nigel Leakey wa Batalioni ya 1/6, yaani ya kwanza ya Keya ya sita, mzungu wa Kenya, alikuwa amekwisha maliza makombora yake ya mota. Akaenda mbele hivyo hivyo. Alikirukia kifaru kimojawapo, akafungua mfuniko kwa nguvu, akampiga kamanda na wenzake kwa bastola. Alimbakiza dereva tu, akamlazimisha akipeleke kifaru mafichoni. Akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, ukagoma. Basi akavifuata vifaru vingine kwa miguu. Viwili vikapita, akadandia cha tatu, akamuua mmoja wa waliokuwamo. Cha nne kikammiminia rashasha. Mwili wake haukupatikana. Mwaka 1945 ikatangazwa kwamba ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika jeshi la Uingereza.

Aliistahili, wala sina ugomvi na hilo. Lakini taarifa yenyewe ya nishani inasema hakwenda peke yake. Alifuatana na Sajini Meja Mwafrika na askari wengine, katika uwanja ule ule uliokuwa ukifagiwa na risasi, nao wakavinyatia vifaru vile vile. Cheo cha huyo Sajini Meja kimetajwa, Uafrika wake umetajwa; jina ndilo lililoonekana la ziada.

Hili linatuhusu sisi hasa, kwa kuwa Keya ya sita ilikuwa ya Tanganyika, na ndiyo iliyoingia katika Tanganyika Rifles baada ya Uhuru wa 1961. Wala si jambo la Colito tu. Mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Sawa, tumesikia.

Sasa kazi ifanyike. Kumbukumbu za kila siku za vikosi vya Uingereza vya wakati huo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London. JWTZ na Makumbusho ya Taifa wana uzito wa kutuma mtu akazipekue, maana msomaji wa kawaida nauli tu itamshinda. Na gazeti lako lingeweza kuanza hapa hapa nyumbani: waombe wasomaji waliohifadhi vyeti vya jeshi vya babu zao waangalie kama vimeandikwa 1/6 KAR, kisha wakuletee majina uyachapishe.

Msomaji wako,
Dar es Salaam