Risala ya Klabu ya Elimu ya Anga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: Asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo.

Klabu ilizaliwa baada ya kupatwa kwa Jua kwa Septemba 1, 2016, Jua lilipobaki pete juu ya Rujewa, mkoani Mbeya. Tangu hapo imepiga hatua kubwa sana. Mwanachama yeyote, hata wa kidato cha kwanza, atakueleza bila kusoma popote kwamba katika kiini cha Jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15, hidrojeni hugeuka heli; kwamba uso tunaouona una nyuzi 5,500 hivi; na kwamba katika korona, tabaka la Jua la nje kabisa, joto hupanda tena kupita nyuzi milioni moja. Tuna pia daftari la madoa ya Jua. Doa ni mahali ambapo nguvu ya sumaku huzuia joto kupanda kutoka chini, hivyo hupoa hadi nyuzi 3,500 hivi na kuonekana jeusi. Kupata namba ya madoa ya siku, kila kundi huhesabiwa 10 na kila doa 1: makundi 4 yenye jumla ya madoa 11 yanatoa 51.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna ombi moja kubwa. Darubini yetu ya kioo cha milimita 114 haina kichujio cha Jua cha mbele. Kilichokuja nayo ni kile kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia, nacho tumekiondoa: hukaa pale pale joto linapokusanyika, kikapasuka ghafla jicho likiwa limeshainama. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu. Mtoto huungua bila kujua. Kwa hiyo tunaangusha taswira kwenye karatasi nyeupe, sentimita 48 nyuma ya lenzi ya milimita 25, tupate duara la sentimita 15. Mdomo wa darubini tunaufunika kwa kadibodi yenye tundu la sentimita 5, na baada ya dakika mbili tunaziba, la sivyo plastiki ya lenzi italainika. Madoa madogo hayaonekani kabisa.

Tunachoomba ni karatasi moja ya kichujio, ukubwa wa A4. Iwe ya kutazamia kwa macho, yenye kipimo cha 5, inayopitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 100,000. Ya kipimo cha 3.8 ni ya kupigia picha na hupitisha mwanga mara 16 zaidi. Tafadhali isinunuliwe hiyo. Fremu tutaitengeneza wenyewe: karatasi haitavutwa ikakaza, maana hupotosha taswira, itabanwa kwa skrubu upepo usiing'oe, na kabla ya kila matumizi itamulikwa kwa tochi kutafuta vitundu.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea na kuahidi ndani ya mwezi mmoja. Wa mwaka jana alituelekeza tuandike barua. Tukaandika mara tatu. Tunawaheshimu sana wote wawili. Nakala za barua zimo katika faili ambalo Katibu atakukabidhi pamoja na risala hii.

Wakati tukisubiri, Jua halikusubiri. Mei 2024 kundi la madoa lenye upana wa Dunia 15 hivi lilileta dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko katika sumaku ya Dunia, ya ngazi ya juu kabisa, G5. Katika daftari letu kuna waa moja la penseli. Madogo yaliyolizunguka hayamo. Oktoba 2024 wanasayansi walitangaza kwamba Jua limefika kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa miaka 11. Sasa madoa yanaelekea kupungua, na kilele kingine kitawakuta wanafunzi hawa wakiwa watu wazima.

Agosti 2, 2027 Jua litapatwa tena. Huko Luxor, Misri, Jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita. Hapa kwetu sehemu tu, kwa hiyo hakutakuwa na hata sekunde moja ya kulitazama bila kinga.

Mheshimiwa, tunakuomba utaje leo, mbele ya hadhira hii, tarehe ya kutukabidhi karatasi hiyo, nasi tutaiandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Tunaomba kuwasilisha.