Risala ya Klabu ya Kiswahili kwa mgeni rasmi, Jinja

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo nyote? Karibu sana Jinja mheshimiwa, tumefurahi kweli kwamba umekubali kuja, maana tuna neno na wewe kuhusu hii nchi yetu.

Mwaka huu tumechora ramani ya Uganda kwenye ukuta wa maktaba, utaiona ukitoka. Tulianza na milima, Rwenzori kule mpakani na Kongo ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, halafu Elgon huku mashariki kwa Wagisu, na katikati ni maji tu, Victoria, Kyoga, Albert, na Nile inayotoka hapa hapa Jinja ikaenda zake mpaka Misri. Bahari hatuna, ndio maana mizigo mingi inakuja kwa malori kutoka Mombasa, kilomita zaidi ya 1,100 mpaka Kampala, na gharama ya hiyo safari tunailipa sisi dukani.

Sensa ya 2024 ilitukuta karibu milioni 46 na karibu nusu ni watoto chini ya miaka 18, yaani sisi wenyewe. Ndani ya klabu tuko Wasoga, Wagisu, Wanubi, wapo na watoto wa wanajeshi waliokulia kambini, halafu wenzetu ambao familia zao zilikimbia vita Kongo zikapokelewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na hao ndio wanatufundisha kuongea Kiswahili bila kuogopa. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, hakuna nchi nyingine Afrika yenye wengi hivyo, na kwenye makambi wengi wanapewa kipande cha ardhi walime. Hilo tunajivunia kabisa.

Mambo ya serikali tunasoma darasani, Katiba ya 1995, Rais, Bunge, mahakama, lakini kwa mtoto wa kijijini serikali anayoijua ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yule anayekuandikia barua ukitaka kitambulisho.

Sasa uchumi, hapo ndio tunaomba utusikilize vizuri mheshimiwa. Msimu wa 2023/24 Uganda iliuza nje magunia ya kahawa zaidi ya milioni 6, kila moja kilo 60, na karibu yote ilitoka ikiwa mbichi, wenzetu wa ng'ambo wakaikaanga wao, wakaifunga kwenye pakiti wao na faida kubwa ikabaki kwao. Hii inatuuma kwa sababu Jinja imewahi kufanya kazi ya namna hiyo, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954 viwanda vikaja kufuata umeme, pamba ya wakulima ikawa kitambaa hapa hapa na shaba ya mgodi wa Kilembe ikaletwa kwa treni ikayeyushwa hapa. Halafu 1972 Idi Amin akafukuza Wahindi, viwanda vingi vikaanguka, na wazee wetu waliokuwa mafundi wakarudi kwenye jembe.

Leo umeme upo, bwawa la Bujagali lilianza 2012 lina megawati 250, la Karuma lilifunguliwa 2024 lina megawati 600. Mafuta nayo yako njiani, yaligunduliwa 2006 kwenye bonde la ziwa Albert, na bomba la kilomita 1,443 ni la kuyapeleka mpaka Chongoleani, Tanga, kule Tanzania. Sisi tunauliza tu, je hayo mafuta yataondoka kama kahawa inavyoondoka? Tunataka kuona vijana wa hapa wakiwa welda, mafundi umeme, wakemia, sio walinzi wa geti peke yake.

Kwa hiyo mheshimiwa tuna maombi. Baraza la mawaziri liliamua 2022 Kiswahili kiwe lazima shuleni lakini sisi shule nzima tuna mwalimu mmoja, tunaomba utusaidie tupate wa pili na vitabu. Pia tunaomba utuombee ruhusa tuingie ndani ya bwawa la Nalubaale, ndio hilo la Owen Falls, tuone mitambo inavyozunguka, maana tumekulia karibu nalo na wengi wetu tumeishia kuliangalia kutoka kwenye daraja. Na ukikutana na wenye viwanda vya hapa, waambie wanafunzi wa kidato cha tatu wako tayari kuja kujifunza kazi wakati wa likizo, hata bila malipo.

Asante sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi, Klabu ya Kiswahili.