Acha kijiti kidunde

Temeke, Dar es Salaam

Somo yangu,

Salamu sana. Sisi huku wazima, ila joto la mwezi huu halina adabu. Mama anakusalimu, anauliza machungwa ya Muheza yameishia wapi.

Ile sauti uliyonirekodia nimeisikiliza mara kadhaa. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, mwanangu akauliza ni nani anamwaga mahindi kwenye bati. Usikasirike. Kila aliyewahi kuanza mgurumo, yaani mapigo ya haraka yanayoungana, wa snea, ile ngoma ndogo yenye waya chini, anaijua sauti hiyo: mapigo yapo mengi, lakini hayashikani. Umeniuliza mambo mawili, mkono kuuma mpaka kwenye kiwiko, na mgurumo kukatika pale pale unapoanza kunoga. Mimi naona yote mawili yanatoka sehemu moja. Unakilazimisha kijiti kufanya kazi ambayo ngozi ya ngoma iko tayari kukufanyia bure.

Tuanze na mshiko. Kijiti kishike kwa kidole gumba na cha shahada, kama theluthi moja kutoka mwisho wa nyuma. Vidole vitatu vilivyobaki vikiguse tu, visikibane. Sasa kinyanyue, kisha kiachie kianguke chenyewe kwenye pedi, kile kibao cha mpira cha mazoezi, usikipige. Kitadunda: ta, ta, ta-ta, tatatata, mpaka kilale. Usikilize huo mdundo kwa makini, kwa sababu mgurumo wote umo humo. Kikidunda mara mbili tatu kikafa, umekibana. Kikikuchomoka, umekilegeza mno. Fundi wetu, anayetufundisha ngoma kikundini, ana mtindo wake: anapita nyuma yako ukiwa unapiga, anakivuta kijiti bila taarifa. Kikimfuata kidogo bila kukuponyoka, anakwenda zake kimya. Kikigoma kabisa, anasema "legeza", naye anakwenda zake. Hana maneno mengi yule mzee, na nadhani ndiyo maana tunajifunza.

Mtu akikuonyesha ule mshiko wa kizamani, kiganja cha kushoto kikitazama juu, usibabaike. Ulitoka kwa askari waliokuwa wakitembea na ngoma inayoning'inia kwa mkanda begani, imelala upande, ikabidi mkono wa kushoto uingie kwa namna ile. Ngoma yako iko kwenye stendi. Shika mikono yote miwili sawasawa.

Tena usikubali mtu akuambie kwamba mgurumo ni pambo tu. Tarumbeta likishika noti ndefu, mpulizaji ana pumzi yake. Snea haina pumzi: ukiipiga mara moja, pa, imekwisha. Ili ishike sauti ndefu, lazima mapigo yasogezwe karibu karibu mpaka sikio lishindwe kuyatenga. Timpani, zile ngoma kubwa za shaba za okestra, zenyewe zinavuma muda mrefu, kwa hiyo mpigaji wake anapokezana mikono pigo moja moja, kulia kushoto, na inatosha. Fundi alitusikilizisha simfoni ya 103 ya Haydn, ya mwaka 1795, inayoanza kwa mgurumo wa timpani, halafu utangulizi wa opera ya Rossini ya mwaka 1817, "La gazza ladra", unaofunguliwa na snea. Ilikuwa kwenye spika ya simu, bodaboda wanapita nje, lakini tofauti niliisikia. Timpani inavuma tu. Snea unasikia kabisa kwamba kuna mtu anafanya kazi.

Wanaoanza wengi wanataka siku hiyo hiyo wapige ule mgurumo uliobana, wa zzzzz. Wewe anza na mbili mbili: kulia kulia, kushoto kushoto. Kwenye kikundi tunauimba ma-ma, ba-ba. Pigo linaloangusha watu ni la pili. La kwanza linabeba nguvu ya mkono, la pili linabaki na masalia ya mdundo, linatoka dogo: MA-ma, BA-ba. Ukienda polepole hutaona shida. Ukiongeza kasi, mgurumo unaanza kuchechemea. Dawa yake ni kuugeuza uzito, ma-MA, ba-BA. Pigo la kwanza liwe jepesi, na kwenye la pili vile vidole vitatu vikivute kijiti kuelekea kiganjani. Utajisikia mjinga mwanzoni, kama mtu anayeongea lafudhi isiyo yake. Vumilia. Ukishalizoea, rudi kwenye mapigo sawasawa, utashangaa yamejipanga yenyewe.

Sasa huo mkatiko wako. Nimesikia unapotokea, ni katikati unapopanda kasi. Iko hivi: ukiwa polepole, kila pigo linatoka kwenye kifundo cha mkono, moja moja. Ukiwa na kasi, kifundo kinashuka mara moja tu na mapigo mawili yanatoka humo, la pili likiwa la mdundo na vidole. Hizo ni njia mbili tofauti za kupiga. Na baina yake kuna kasi moja ambayo ni kubwa mno kwa njia ya kwanza na ndogo mno kwa ya pili. Mkono ukifika hapo haujui ushike ipi, basi unakakamaa, na maumivu ya kiwiko yanaanzia hapo. Wengi wanaikimbia hiyo sehemu, wanaruka kutoka polepole mpaka kasi kubwa, mgurumo unasikika mzuri kwa nukta chache, halafu siku wakiambiwa waanze polepole mbele za watu, inakuwa aibu.

Wewe kaa hapo hapo panapokusumbua. Weka metronomu ya simu, ile inayolia kwa vipimo sawa, kwenye 60, yaani milio 60 kwa dakika, piga mapigo manne kwa kila mlio, kisha panda kidogo kidogo. Ukisikia mkono unaanza kugoma, usikaze. Teremsha vijiti viwe inchi mbili tatu tu juu ya pedi na upunguze sauti, uache mdundo uchukue nafasi. Ukishindwa, usikate ghafla, shuka taratibu kama ulivyopanda. Wapiga ngoma wa zamani walipimana hivyo hivyo, polepole mpaka kasi na kurudi tena polepole, na msikilizaji asijue ni wapi umebadilisha. Kuchoka ruksa. Kuuma hapana, kukiuma weka vijiti chini, ukapike.

Halafu kuna huu mkono wetu wa kushoto. Hebu fikiria, somo: tumelelewa tusile nao, tusisalimie nao, tusimpe mtu kitu nao. Mwiko, kalamu, kisu, ufagio, vyote kulia. Pengine kazi pekee ya maana tuliyoupa ni kusaidia kushika kifuu kwenye mbuzi ya nazi. Leo unautaka uwe sawa na mwenzake kwa kuwa umenunua vijiti? Kila zoezi lianzishe kushoto. Na ukipiga mikono yote pamoja, ushushe wa kulia ulingane na wa kushoto, usijaribu kumpandisha mnyonge amfikie mwenye nguvu. Hili wengi hawalitaki kwa sababu linawafanya wasikike wanyonge kote kote, lakini mgurumo unataka usawa kwanza, nguvu itakuja.

Umesema shemeji amechoka na kelele, kwa hiyo unapiga kwenye mto. Namhurumia, lakini mto achana nao kwa sasa. Haurudishi kijiti, inabidi ukinyanyue mwenyewe kila mara, na ndicho kitu hasa tunachotaka uache. Baadaye utakufaa kukaza misuli. Nenda kwa mafundi wa katambuga, wakukatie kipande cha mpira wa tairi, kibandike kwenye ubao kwa gundi ya viatu. Kinadunda vizuri na majirani hawasikii. Pedi za dukani ni nzuri, sikatai, ila bei yake unaweza kununua nguo ya sikukuu.

Ukishakuwa na mbili mbili zinazoeleweka, ingia kwenye migurumo mifupi. Ya mapigo matano: ma-ma-ba-ba-TA. Ukianza kulia unamalizia kulia, kwa hiyo unaofuata unaanza kushoto. Ya tisa ni hivyo hivyo, ndefu zaidi. Ya saba ina ukorofi: ukianza kulia unamalizia kushoto, kwa hiyo kila ukirudia unaanza na mkono ule ule. Kwenye maandamano ya harusi tunaitumia ya tano kuliko zote. Utakutana pia na orodha ya misingi 40, yaani mifumo ya mapigo ya kujifunzia, iliyopangwa na chama cha wapiga ngoma cha Marekani mwaka 1984, nayo ilikuza ile ya misingi 26 iliyoanzia kwa wapiga ngoma waliokutana Chicago mwaka 1933. Isikutishe. Kati ya hiyo 40, 15 ni migurumo, na kumi kati ya hiyo ni mbili mbili hizi hizi kwa urefu tofauti.

Ule wa zzzzz uje mwisho. Hapo kila mkono unakandamiza kijiti kidogo kwenye ngozi, kinadunda chenyewe mara nyingi, na kabla hakijanyamaza mkono wa pili umeshapokea. Ukikandamiza sana, sauti inakabwa. Ukikandamiza kidogo mno, mapigo yanahesabika. Anzia ukingoni mwa ngoma, ambako sauti ni ndogo, kisha sogea katikati ukitaka ipande.

Wiki iliyopita tulikuwa na harusi Mbagala. Matarumbeta yalikuwa juu ya pikapu, sisi wa ngoma chini mlangoni. Bibi harusi akachelewa kutoka, mpambaji bado anahangaika na shela. Kiongozi akaniinulia kidole: shika. Nikashika mgurumo mdogo, ukingoni kabisa. Mlango ukafunguliwa, akatoka mtoto wa maua, akasimama, akarudi ndani. Nikaendelea kushika. Mikono ikaanza kupata moto, nikakumbuka kuilegeza badala ya kuikaza, na mgurumo ukabaki pale pale. Bibi harusi alipotokeza nikasogea katikati ya ngozi, vigelegele vikapanda, besi ikapiga moja, matarumbeta yakaingia. Mama mmoja akaniambia, "Mwanamke na ngoma hiyo! Na umri huo!" Sijui ilikuwa sifa au vipi. Nikapokea tu, maana alitutunza elfu kumi.

Nilikumbuka bendi ya shule ya msingi, wavulana na ngoma zao mbele, sisi tunaingia darasani kwa gwaride nyuma yao. Hakuna aliyetukataza kuzigusa, na hakuna aliyetupa. Fundi anasema haya mambo ni ya zamani sana pwani, tangu mwishoni mwa karne ya 19 wazee walipozichukua bendi za askari na za misheni wakazigeuza kuwa beni, ngoma ya gwaride na mashindano, mpaka hapa Dar kukawa na vikundi vya Marini na Arinoti wakishindana kwa ngoma na kwa mavazi. Kushindana kwa mavazi nakuamini wewe.

Jambo la mwisho, hiyo snea uliyoazimwa. Nimeisikia imelegea. Ngozi iliyolegea hairudishi kijiti, utajilaumu bure. Kaza skrubu zake kwa kuvuka, ya upande huu kisha ya upande wa pili, robo mzunguko kila moja, usizunguke kwa kufuatana, ngozi itakaa upande. Bahati yako ni ya plastiki. Ngozi ya mbuzi na unyevu wa Tanga ingebidi uipashe moto kila jioni kama ngoma za wazee. Zile waya za chini zikaze mpaka ziache kupiga kelele ovyo, lakini zisibane ngozi. Na unapofanya zoezi la mbili mbili, zifungue kwa kile kishikio cha pembeni. Waya zinaficha makosa. Bila waya utalisikia kila pigo la pili lilivyo.

Vijiti vyako kwenye picha naona ni vyembamba mno. Nimepata jozi ya saizi ya 5B Kariakoo, vizito kidogo, vinadunda vyenyewe. Nitampa kondakta wa basi la Ijumaa asubuhi na kukutumia namba ya gari. Mpokee stendi ya Kange, na umpe cha soda, safari iliyopita alilalamika.

Somo yako,
Mwanahamisi