Barua kwa mwanangu, kuhusu ile HKL

Mwanangu, hujambo. Hapa dukani Mtaa wa Kongo leo mvua tangu asubuhi, watu wanapita wanakimbilia daladala tu hakuna anayeuliza hata bei, ndo nimepata nafasi ya kukuandikia. Juzi uliponambia umepangiwa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nilikujibu vibaya, nikasema hiyo historia utakula? Nisamehe baba. Ilikuwa hasira ya ile PCB ya sayansi niliyoitangaza kwa majirani hata matokeo hayajatoka.

Sasa kuna kitu sijawahi kukwambia. Bibi yangu aliyenilea kule Mgeta, Morogoro, mjomba akimuudhi alikuwa anamwambia "utapotea kama baba yangu, yule aliyekwenda na mzigo." Basi, anaishia hapo. Mi nikaja mjini nikaingia hii biashara, na we unajua hapa Kariakoo ukisikia fulani kaenda na mzigo ujue kakimbia na mali ya watu na simu kazima. Kwa hiyo miaka yote nilijua ukoo wetu una mwizi, nikawa nanyamaza.

Mwaka juzi nikaenda benki kule Posta, foleni imefika mlangoni, nikatoka nje kupunga upepo nikasimama pale kwenye sanamu ya askari aliyeshika bunduki. Miaka ishirini napita pale sijawahi kusoma yale maandishi! Ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika wa vita ya 1914 hadi 1918, halafu chini yao wametajwa wapagazi, kwamba ndo walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nikaganda. Wapagazi si ndo watu waliokwenda na mzigo?

Nikamuuliza mwalimu mmoja mstaafu, huwa ananunua vitenge kwangu. Akacheka, akasema mama we duka lako liko juu ya kambi yao, Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, watu walitamka walivyoweza. Wamebeba masanduku ya risasi na magunia ya unga kichwani, wamekufa maelfu kwa maelfu, wengi sio kwa risasi ni kuhara, malaria na njaa. Na Wajerumani wa huku wamesalimu amri 25 Novemba 1918 wakati Ulaya vita ilishakwisha tarehe 11, yaani kuna watu wiki mbili nzima bado wamebeba mzigo wa vita iliyokwisha.

Ila kuna jambo linanikera mpaka leo. Wajerumani nao walikuwa wanakamata wapagazi hivyohivyo, na Waingereza waliingia Morogoro Agosti 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, kwa hiyo huyu babu angeweza kuchukuliwa na yeyote. Bibi alikuwa anasema "wazungu" tu. Kama ni Mjerumani basi hata ile sanamu haimhusu, maana ile ni ya Waingereza, waliweka kwa ajili ya watu wao.

Bibi kafa anajua baba yake kapotea. We ukishaingia huko kwenye makaratasi ya zamani nitafutie hilo moja, ni wazungu gani.

Tranka nimenunua, la bluu, kufuli bado. Jumamosi ukija usipitilize dukani, shukia Posta, nitakuwa pale kwenye sanamu.

Mama