Usiache vidonge, mwanangu

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

Marahaba. Nimefurahi kwamba kizunguzungu kimekwisha na unapanda ngazi za bweni bila kuhema. Ila kusikia umeacha vidonge vya madini chuma kwa kuwa "umeshapona" kumeninyima raha. Ndiyo maana nakuandikia, uisome kwa utulivu.

Ulipopimwa, wingi wa damu ulikuwa gramu 9 kwa desilita. Msichana wa umri wako anatakiwa afike 12. Seli zako nyekundu niliziona mwenyewe kwa darubini pale maabara: ndogo, zimepauka katikati. Hazikupaukia mishipani, mama. Ziliingia kwenye damu zikiwa hivyo.

Seli nyekundu huanzia ndani ya uboho wa mifupa, ikiwa kubwa na yenye kiini, yaani sehemu inayotunza maelekezo ya seli. Figo zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni ya erithropoietini inayouhimiza uboho uongeze kazi. Seli changa hugawanyika mara kadhaa, kila mara ikizidi kuwa ndogo, huku ikitengeneza hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Kila hemoglobini ina minyororo minne ya protini, na kila mnyororo hushika chembe moja ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachobeba oksijeni. Seli moja iliyoshiba ina hemoglobini zipatazo milioni 270, sasa piga hesabu ya chuma kinachohitajika! Kikikosekana, seli hutoka na upungufu wake.

Kisha hutokea jambo ambalo hunishangaza hadi leo: seli hukitoa nje kiini chake chote. Huingia kwenye damu ikiwa bado changa, na kwa siku moja au mbili humalizia hemoglobini kwa maelekezo yaliyokwisha kuandikwa kabla kiini hakijaondoka. Baada ya hapo haiwezi kutengeneza tena hata moja. Itaishi siku kama 120 kwa kile ilichojipatia ujanani.

Kwa hiyo kidonge cha leo hakiziongezei kitu zile zilizopauka. Kinazilisha zinazokua ubohoni sasa hivi, na za kesho, na za mwezi ujao. Hata ukifika 12, akiba ya chuma mwilini bado haijajaa, ndiyo maana daktari alisema uendelee miezi 3 zaidi.

Usimeze na chai ya rangi, huzuia chuma kufyonzwa. Maji ya limau au chungwa ni bora. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma hicho. Tumbo likikusumbua, meza baada ya kula. Na hedhi ikiwa bado nzito, mwambie matroni, usione haya, maana damu inapotelea huko.

Baba yako anakuja Jumamosi. Nimempa pakiti mpya ya vidonge, malimau na dagaa wa kukaanga. Nijulishe ukishaanza tena.

Mama yako